Soda ni ya Ajali, Sahani ni ya Kila Siku: Maneno Kuhusu Sukari ya Kushuka

(Niliyasema haya Tanga mjini, wiki chache kabla ya Ramadhani, mbele ya watu wenye kisukari na jamaa zao. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nikapunguza marudio tu.)

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni. Vijana mliosimama mlangoni, viti viwili bado viko huku mbele, msiogope, sichomi mtu sindano leo.

Nimeombwa niseme juu ya kushuka kwa sukari, na nawashukuru waliochagua mada hii, maana kwenye vikao vya namna hii kutwa tunazungumzia kupanda. Kupanda mara nyingi kunaua polepole, kwa miaka. Kushuka kunaweza kummaliza mtu kati ya adhuhuri na alasiri. Mimi ni muuguzi mstaafu, sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanyia kliniki ya kisukari, na zamu zilizonitoa jasho si zile walizokuja watu na sukari ya 25. Ni zile walizoletwa watu na sukari chini ya 2.

Tuanze na namba kidogo, zote kwa kipimo cha mashine zetu, milimoli kwa lita, nitaziacha upesi. Mtu mzima mwenye afya, kabla hajala, sukari yake huwa kati ya 4 na 6 hivi. Kwa anayetumia dawa za kisukari, ikifika chini ya 3.9 tunasema imeshuka, achukue hatua. Chini ya 3, ubongo umeanza kukosa chakula. Na akifikia hali ya kushindwa kujisaidia mwenyewe, hiyo ni dharura, mashine isome inavyosoma.

Sasa hebu sikieni hili. Damu yote ya mtu mzima, lita 5 hivi, sukari ikiwa sawasawa, inabeba glukosi ya gramu 4 au 5. Kijiko kimoja cha chai. Mwili mzima huu, kijiko kimoja! Na ubongo peke yake unatumia gramu kama 120 kwa siku, maana yake kile kijiko unaweza kukimaliza ndani ya saa moja. Hatuanguki kwa sababu ini linakaa ghalani, linatoa akiba kidogo kidogo usiku na mchana. Basi sukari ikishuka, jueni ama ghala limefungwa, ama kuna kitu kinaiondoa sukari kwenye damu haraka kuliko ghala linavyotoa.

Nasema hivi kwa sababu limeshakaa vichwani mwetu kwamba kuna ugonjwa wa sukari ya kupanda na ugonjwa wa sukari ya kushuka, na kila mtu kapangiwa wake. Mtu anakuja, "Sista, mimi yangu ni ya kushuka," kwa sauti ya mtu aliyeponea chupuchupu. Halafu anakunywa soda kila siku kama dozi. Hapana jamani. Kushuka ni tukio, na kila tukio lina aliyelisababisha. Mtafuteni huyo kwanza.

Wengi wenu hapa, msababishaji ni dawa ikikutana na tumbo tupu. Kidonge cha metformini ukiwa unakimeza peke yake si rahisi kikushushe. Insulini ya sindano, na glibenklamidi, kidonge kinacholisukuma kongosho litoe insulini, ndizo zenye mkono mzito, kwa sababu hazikuulizi kama umekula.

Kuna mzee aliletwa saa kumi jioni, kafunikwa shuka, wanawe wawili wamemshika mikono, shangazi mtu anamsomea Ayatul Kursiy. Walisema kapandisha mashetani. Anatukana, mtu ambaye kwao hawajawahi kumsikia akitukana, na shati limelowa chapachapa na jua lenyewe lilikuwa halina makali siku hiyo. Ule unyevu wa shati ndio ulionishtua. Tukamtoboa kidole: 1.8. Tukampa glukosi ya mshipani, na haukupita muda akatulia, akatutazama mmoja mmoja, akauliza nani kamvua viatu. Asubuhi alimeza glibenklamidi yake kama kawaida, akatoka bila chai kuwahi maziko. Na msibani mnajua, chakula kinapakuliwa watu wakisharudi makaburini. Saa sita alihisi jasho na kutetemeka, akaona haya kuomba kikombe cha chai mbele ya wafiwa.

Wanawe walinuna tulipomlaza mpaka kesho yake. "Si ameshaamka?" Ameamka, ndiyo, lakini ile dawa inaweza kufanya kazi mwilini siku nzima na zaidi, na figo za mzee haziitoi upesi. Ukimpa sukari akazinduka ukamrudisha nyumbani, usiku wa manane anaweza kushuka tena wote mmelala. Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake ya dawa muhimu, limeandika kwamba glibenklamidi haifai kwa waliovuka miaka 60. Sasa mtu asiende akazitupa chooni leo jioni. Nenda kliniki, muulize daktari kuhusu gliklazidi au njia nyingine, na ukiwa na mzazi mzee nyumbani kasome jina lililoandikwa kwenye kile kibahasha chake cha dawa.

Dalili ni za aina mbili. Za mwanzo ni mwili kupiga kelele: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla. Za pili ni ubongo kuishiwa: maneno kukorogeka, ukali usio na sababu, kuona maruerue, kucheka ovyo, mpaka degedege na kuzimia. Hizi za pili ndizo tunazowaitia shehe au mchungaji, au tunasema mtu kalewa. Dua haikatazwi, ila kidole kitobolewe wakati dua inasomwa. Mnaotumia propranololi au atenololi za presha mjue kwamba zinaweza kuficha kutetemeka na mapigo ya moyo. Jasho hazilifichi. Na anayeshuka mara kwa mara, mwili wake unachoka kupiga kelele, anaruka dalili za mwanzo anaangukia moja kwa moja kwenye za pili. Akilindwa asishuke kabisa kwa wiki kadhaa, kengele zile mara nyingi hurudi.

Wale wa insulini ya usiku: ukiamka shuka limelowa, kichwa kinauma, na ulikuwa unaota ndoto za kukimbizwa, usikimbilie kuuliza nani kakuroga. Weka saa, jipime saa tisa usiku.

Pombe nitaipitia haraka kwa kuwa mnajua msimamo wangu. Inalifunga ini lisitengeneze sukari mpya. Gongo kwenye tumbo tupu inamshusha hata asiye na kisukari, na aliyelala akikoroma barazani watu wanampita wakisema kalewa. Kalewa, ndiyo, na pengine sukari ni 2.

Mitishamba. Mlonge, mkarela, mdalasini, sijasema ni sumu. Nasema ukimeza na vidonge vya hospitali bila kutuambia, daktari anapanga dozi bila kujua nusu ya mambo. Na zipo zile poda na vidonge visivyo na kwao, hasa vya nguvu za kiume. Mwaka 2008 kule Singapore, katika miezi mitano hivi, watu 150 wasio na kisukari walifikishwa hospitali sukari imeporomoka, wote wanaume isipokuwa mwanamke mmoja. Vidonge vya nguvu za kiume vilivyouzwa kienyeji vilikutwa vimetiwa glibenklamidi. Wanne walifariki. Naona kina baba mmenyamaza ghafla. Haya.

Kuna kushuka kunakowafurahisha watu, na ndiko kunakonitisha kuliko kote. Mtu ana kisukari miaka mingi, insulini yake siku zote ni kiasi fulani, ghafla anaanza kushuka. Anapunguziwa, anashuka tena. Nyumbani wanashukuru, sukari imepona. Sikilizeni: figo zinasaidia kuondoa insulini mwilini. Zikianza kufa, insulini ile ile inakaa muda mrefu na kushusha zaidi. Ukiona dozi yako ya siku zote imekuwa nyingi ghafla na hujabadili chakula wala kazi, omba upimwe figo kabla hujachinja mbuzi wa shukrani.

Basi huyo ameshashuka, yuko mbele yako, ana fahamu, anaweza kumeza. Mpe sukari ya haraka gramu 15. Vijiko 4 vya chai vya sukari, vya kusawazisha si vya mlima, kwenye nusu glasi ya maji. Au nusu ya chupa ya soda ya kawaida ya mililita 300. Au asali kijiko kimoja cha chakula. Au tende ndogo tatu, atafune vizuri. Subiri dakika 15, mpime tena. Bado iko chini ya 3.9, rudia. Ikishapanda, na mlo uko mbali, ale kitu cha kukaa: muhogo wa kuchemsha na maziwa, au mkate na yai. Mkizidisha kiasi hicho mnaharibu. Yule mtu njaa yake wakati ule ni ya kutisha, akiachiwa sufuria atalimaliza, na baada ya saa mbili mashine inasoma 18, analia.

Msimpe andazi, karanga wala chokoleti kwa kuokoa. Mafuta yanachelewesha sukari kuingia kwenye damu. Na mkimtuma mtoto dukani mwambieni soda yenye sukari, maana siku hizi muuza duka anajua mama ana kisukari, kwa huruma yake anampa ile isiyo na sukari. Hata akinywa kreti zima haitamsaidia.

Aliyezimia haumwagilii soda mdomoni. Naomba nirudie kwa sababu nimeona mtu aliyekuja na soda mapafuni. Haumwagilii. Mlaze ubavu, mpake asali au sukari iliyoloweshwa kidogo ndani ya shavu na kwenye fizi, huku gari linatafutwa. Ukichelewa kupata usafiri endelea kumpaka.

Hapo ndipo kazi ya soda inapoishia. Nije kwa wale wasio na kisukari wanaoshuka baada ya kula, maana najua mpo, na wengi ni vijana.

Dereva wa bodaboda anaamka saa kumi na mbili. Chai ya rangi, vijiko vinne vya sukari, maandazi matatu, kaondoka. Saa nne mikono inatetemeka kwenye usukani, kijasho chembamba, anamfokea abiria. Ananunua soda, dakika kumi yuko sawa. Saa saba, tena. Kinachotokea ni kwamba ngano nyeupe na sukari vinaingia kwenye damu kwa kishindo, kongosho linajibu kwa insulini nyingi, na insulini ile inaendelea kufanya kazi wakati chai ilishaisha zamani. Kati ya saa 2 na 5 baada ya mlo ndipo mtu anaporomoka. Soda ya saa nne inaanzisha mzunguko ule ule upya. Inatokea pia sana kwa waliofanyiwa upasuaji wa tumbo, na wakati mwingine ni dalili ya mwanzo ya kisukari chenyewe kinakuja.

Hili lina miaka mia moja. Mwaka 1924, miaka mitatu tu baada ya insulini kugunduliwa Toronto, daktari Seale Harris wa Alabama, Marekani, aliandika kwamba alikuwa na wagonjwa wenye dalili zile zile za waliozidishiwa insulini, na hawajawahi kuchomwa insulini hata tone. Dawa aliyowapa ilikuwa chakula: sukari ipungue, milo iwe midogo na ya mara kwa mara. Baada yake, miaka ya 1930, daktari wa upasuaji wa New York, Allen Whipple, akaweka masharti matatu ambayo mpaka leo tunayatumia: uwe na dalili, sukari ipimwe wakati ule ule wa dalili ikutwe iko chini, na ukipewa sukari dalili ziondoke. Lile la kati ndilo watu wanaliruka. Wengi wanaotetemeka saa nne, ukiwapima ni 5. Huyo ana upungufu wa damu, au wasiwasi, au hajalala. Kwa hiyo kama una mashine karibu jitoboe kabla hujanywa soda. Na aliyekutwa yuko chini kweli, hasa anayeshuka akiwa hajala kabisa, asijitibu kwa ushauri wangu wa ukumbini. Kuna uvimbe mdogo wa kongosho unaotoa insulini ovyo, ni wa nadra sana, lakini upo, na kuna homoni nyingine zikikosekana hivyo hivyo.

Sasa sahani. Yule kijana simwambii aache chai. Nchi hii ukimwambia mtu aache chai umemfukuza kliniki. Sukari ishuke mpaka kijiko kimoja, andazi libaki moja au chapati moja, na pembeni kibakuli cha maharage, au mayai mawili, au supu. Maharage mama ntilie anayo, tena ni nafuu kuliko chapati ya pili. Saa nne, kabla ya kutetemeka na si baada, karanga za kujaza kiganja na ndizi moja. Mchana ugali wa dona kiasi cha ngumi, dagaa au samaki, mchicha au matembele mengi, na akipenda aanze na mboga na kitoweo ndipo ugali ufuate. Ukianza hivyo sukari inapanda taratibu zaidi. Jioni mbaazi, kunde, choroko, mnazijua kuzipika kuliko mimi. Nazi iwe ya kiasi, wenzangu wa Tanga mniwie radhi.

Uji wa ulezi unasifiwa kupita kiasi. Ulezi ni mzuri, lakini ukisagwa laini kabisa, ukapikwa ukawa mwepesi, ukatiwa sukari vijiko vitano, unakimbia mwilini kama uji mwingine wowote. Tia maziwa au karanga za kusaga, sukari achana nayo, na kula kitu cha kutafuna pamoja nao. Matunda tafuna, usiyakamue: chungwa zima lina nyuzi za kulizuia, glasi ya juisi ina machungwa manne na hakuna kizuizi. Juisi ya miwa iwekeni kundi moja na soda.

Na muda. Anayeshuka hapaswi kukaa saa sita bila kula. Hapa ndipo adabu zetu zinapotukwaza, maana kula mbele ya watu wasiokula tunaona ni utovu wa heshima. Kikao cha harusi kimeanza saa tisa, kinaisha saa mbili usiku, wewe umekaa na dawa yako tumboni ukingoja wazee waanze. Omba radhi, toka nje, kula. Weka korosho na mfuko mdogo wa glukosi kwenye mkoba au mfuko wa kanzu, na mwambie mmoja uliyekaa naye. Yule mzee wa msibani angeomba chai, wafiwa wangemletea mbio.

Ramadhani imekaribia na ndiyo iliyotuleta. Utafiti mmoja mkubwa wa nchi 13 za Kiislamu, uliofanyika mwaka 2001, ulikuta kushuka kwa sukari kwa kiwango cha kulazwa kuliongezeka mwezi wa Ramadhani zaidi ya mara 4 kwa wenye kisukari aina ya kwanza, na zaidi ya mara 7 kwa aina ya pili. Kwa hiyo anayetaka kufunga aende kliniki sasa hivi, dozi zipangwe upya. Ile ya asubuhi na jioni haigeuzwi tu ikawa ya daku na futari, watu wanaumia hapo. Wapo watakaoambiwa wasifunge, na Qur'ani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa, muulizeni shehe wenu na daktari wenu kwa pamoja. Kutoboa kidole hakufunguzi, maulamaa wengi wamelisema. Na ikisoma chini ya 3.9, unafungua hapo hapo, hata ikiwa imebaki nusu saa adhana ilie. Najua nusu saa ile inavyouma. Fungua.

Huku kwetu saumu ni saa 13 na kitu, mwaka wowote ule. Daku ya chai na tende haifiki adhuhuri. Cheleweshe daku mpaka karibu na alfajiri, na iwe chakula: ugali wa mtama au dona, maharage, yai, mtindi, kipande cha parachichi. Kiporo cha wali na maharage ni daku nzuri, msikidharau. Kazi ngumu ifanyeni asubuhi, alasiri ndiyo saa ya hatari. Jioni fungua kwa tende moja au mbili na maji, swali, ndipo urudi mezani, na mezani magimbi, viazi vitamu, muhogo wa nazi, tambi na kalimati visikutane vyote kwenye sahani moja. Chagua kimoja, samaki awe mkubwa. Tarawehe ni mazoezi pia, wa insulini wajipime kabla ya kwenda.

Ndugu zangu wa makanisani, maombi ya kufunga kavu siku tatu yananihusu vilevile. Mchungaji aambiwe mapema kwamba una kisukari. Sijaona mchungaji aliyekataa muumini wake anywe uji.

Nimemaliza sehemu yangu. Wenye mashine za kupimia wako pale dirishani, stripu zipo chache, tuwatangulize wanaotumia insulini na glibenklamidi. Maswali karibuni. Mama wa kanga ya njano, umeinua mkono tangu nilipotaja mlonge, haya, anza wewe.